Vita vya Ukraine vinatuhusu, kaka

Kaka, umeuliza vita vya Ukraine vinatuhusu nini sisi watu wa Dodoma. Kawaulize akina mama wanaokaanga maandazi pale Majengo. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei mpaka dumu likawa anasa, watu wakanunua ya kupima, kikombe kwa kikombe. Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na vita vikafunga bandari zake za Bahari Nyeusi. Alizeti tunalima, kuanzia Kongwa mpaka Singida, na bado nchi inaagiza mafuta nje. Hilo nalo lina mjadala wake, tuliache.

Tunapoachana mimi na wewe ni hapo uliposema "kila upande una makosa yake". Makosa yapo, na NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, siitetei. Ila aliyevusha vifaru mpakani Februari 24, 2022 ni Urusi. Machi 2, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura azimio la kulaani uvamizi ule, nchi 141 ziliunga mkono, sisi tukawa kati ya 35 ambazo hazikuegemea popote. Naelewa, kutofungamana na upande wowote ni sera yetu ya siku nyingi. Lakini Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwaka 1978, tulikasirika kweli OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule, iliposhindwa kumlaani waziwazi. Leo sisi ndio tunaosema "wakae wazungumze". Kwangu mimi hiyo haijakaa sawa.