Kwa nini usiku una giza ilhali nyota hazihesabiki?

Ndugu uliyeuliza, "jua limezama" ni nusu tu ya jibu. Chukulia ulimwengu hauna mwisho, nyota zimetapakaa kila upande, na zimekuwepo tangu milele. Umbali ukiongezeka mara mbili, kila nyota inafifia mara nne, lakini idadi ya nyota zilizo kwenye tabaka la anga la umbali huo nayo inaongezeka mara nne. Zinafidiana! Kokote ungetazama, jicho lingeishia kwenye nyota, na anga lote lingewaka kama uso wa jua. Hicho ndicho kitendawili cha Olbers, mwanaastronomia Mjerumani aliyeandika kukihusu mwaka 1823. Yeye alidhani vumbi la angani linaziba mwanga, ila vumbi hilo lingepata joto hadi nalo ling'ae.

Jibu lenyewe linanifurahisha sana: ulimwengu una takriban miaka bilioni 13.8 tu, kwa hiyo mwanga wa mbali zaidi haujapata muda wa kutufikia. Na mng'ao wa mwanzoni mwa ulimwengu bado upo kila upande wa anga, ila kutanuka kwa ulimwengu kumeuvuta ukawa mawimbi ya maikrowevu, ambayo macho hayayaoni. Wanasayansi wa Marekani Penzias na Wilson waliyanasa kwa antena mwaka 1964.