JIBU: Muuguzi anayetaka zamu za usiku tupu ili amuuguze mama

Mdogo wangu, usiipeleke hiyo barua.

Nimerudia kusoma uzi wako nikidhani nimeona vibaya. We ni muuguzi, mama kapata kiharusi, karibu wanamruhusu pale hospitali ya Bombo, na unataka kumwomba matroni akupange usiku tu ili mchana uwe na mama huko Makorora. Ukauliza na godoro la hewa, na chakula cha mgonjwa anayepaliwa, na namna ya "kulinda akili". Akili ipi, na umeshaiandikia barua ya kuizika? Hebu nijibu moja tu: utalala saa ngapi?

Mimi nilifanya hivyohivyo kwa mama yangu. Natoka zamu asubuhi, nashuka Ngamiani, nafika nyumbani naanza: kumgeuza, kumsafisha, uji, dawa za presha, kumgeuza tena. Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo vidonda, hilo unalijua. Sasa uchomeke usingizi wako humo katikati tuone. Nilikuwa nalala kama umeme wa mgao. Watafiti walishapima: ukikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wako unashuka kama wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi sijaonja hata togwa iliyochacha, ila kazini nilikuwa naingia mlevi. Siku moja nimeshika bomba la sindano, nimesoma jina kwenye faili, nikaenda kitanda cha jirani. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniokoa: "Nesi, mimi si nishachomwa?" Akacheka, nikacheka. Kisha nikaingia stoo nikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Na hilo dogo. La nyumbani ndilo kubwa. Mama alikataa uji, akautema kwenye kanga niliyotoka kumbadilisha sasa hivi, nikampiga mkono. Ule mzima, wa kushoto, maana wa kulia ulishakufa na maneno yakaondoka nao. Mimi, ninayewahubiria subira ndugu wa wagonjwa! Mngenipa na cheti.

Sikufika hapo peke yangu, nilifikishwa. Nina ami mmoja, mzee wa baraza, kahawa na kashata, ndiye aliyekata shauri: "Nesi yumo ndani, mtu wa kulipwa wa nini? Mnatutia aibu." Ukoo mzima ukashusha pumzi. Dada yangu wa Korogwe alitaka tupokezane mama, mwezi kwake mwezi kwangu. Ami akakataa, nami kwa kiburi cha sare nyeupe nikamwambia dada, "Acha, nitaweza." Hilo neno ndilo lililonigharimu kuliko yote. Nilipokuja kumlilia anisaidie alinirudishia lilelile: "Si ulisema utaweza?" Mpaka leo salamu zetu ni za Idi tu. Wengine wakawa wanakuja na machungwa ya Muheza, wanakaa, "pole mwaya, Mungu atakulipa", wanaaga. Waja leo, waondoka leo, Tanga yetu hiyo. Na ami hajawahi kushika hata foronya.

Bosi wangu naye, nilipoangua kilio mbele yake, akaniambia nikaogelee Raskazone nipunguze mawazo. Bahari! Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza uchovu huu wa kazi, "burnout", kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, likasema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Hawakuandika kuwa mfanyakazi hajaoga baharini. Dalili zenyewe ni hizi: nguvu zimekwisha, kazi unaichukia na wagonjwa wanakukera, na unajiona hakuna la maana unalofanya.

Basi mimi nina sharti moja: bila zamu, hakuna kuuguza. Wodini hakuna anayepangwa saa 24 kila siku, nyumbani nani kakupanga? Kabla mama hajatoka, kaeni muandike karatasi: usiku huu wa nani, mchana ule wa nani, binti wa kusaidia analipwa na nani. Majina, sitaki kusikia "tutasaidiana". Aliyeko Dar anayesema yuko mbali, alipie usiku wake. Mkabidhiane kama kazini: kageuzwa saa ngapi, kala nini, kapata choo? Na usiku usio wako kalale nyumba nyingine ukiweza, maana ukimsikia akikohoa utaamka tu.

Matroni mwandikie, lakini uombe likizo yako ya mwaka iangukie wiki hizi za mwanzo. Ukijiona unawaza ni heri usiamke kesho, usiende kujinunulia vidonge vya usingizi dukani. Nenda kliniki ya afya ya akili, ukae foleni, sare uiache nyumbani.

Na kama kwenu pia kuna ami wa barazani, mwandike wa kwanza kwenye karatasi. Usiku wa kuamkia Jumamosi ni wake.