Mkuu, usiipandishe hiyo siti!

Weka spana chini kwanza. Umeandika hapa jukwaani: baiskeli ya resi ya mtumba, kiuno kinauma, vidole viwili vya mwisho vinashika ganzi, na fundi kakwambia upandishe siti "upate nguvu ya kukanyaga". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena na jamaa aliyevaa kaptura ya kubana, nikajua basi huyu ndiye mwenyewe.

Akanipandishia sentimita nne kwa mkupuo. Kwa mbali nilipendeza. Kwa karibu nilikuwa nakata mauno kama niko kwenye kigodoro: kila pedali ikifika chini, nyonga inashuka kuifuata, kulia, kushoto, kulia. Mizunguko 70 kwa dakika, saa tatu mpaka Bagamoyo, hiyo ni zaidi ya 12,000, na mzigo wote unabebwa na pingili za kiuno. Halafu mimi mbishi, nimeng'ang'ania gia nzito kushindana na upepo. Bunju kiuno kikaanza kulalamika. Jamaa anasema "mwili unazoea". Mwili unazoea, my foot yake! Kurudi, shoti ikapiga kutoka kwenye kalio mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kesho yake mke wangu ndiye aliyenivalisha soksi. Wiki tatu sikwenda kazini, na hela ya fiziotherapia ilipita bei ya baiskeli yenyewe.

Yule dada wa fiziotherapia akaniambia nije na baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akanipandisha, akashusha siti sentimita tatu na nusu. Yaani kwenye ushauri wote wa bwana kaptura, nusu sentimita tu ndiyo ilikuwa sahihi.

Kipimo ni KISIGINO. Vaa viatu unavyoendeshea, kaa sawa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Mtu asimame nyuma yako aangalie kiuno, kikicheza, shusha.

Na hivyo vidole usikimbilie kununua glavu. Siti ikizidi usukani kwa juu inakumwaga mbele, uzito unaangukia viganja, na neva ya kidole cha mwisho inapita hapo hapo chini ya kiganja. Unataka kupandisha tena? Utaendesha kwa meno?

Ila mguu ukilegea, au ganzi ikifika sehemu za siri, au mkojo ukaanza kusumbua, hiyo siyo ya jukwaani. Hospitali siku hiyo hiyo.

Uliuliza na tairi za lami, na kofia, na kitu gani tena sijui. Pima kisigino kwanza. Leo jioni, ukutani, halafu leta picha ya ubavuni tuone hilo goti.