Warsha ya kompyuta kwa watafiti: anzeni na lahajedwali, R itafuata

Ndugu yangu, umeeleza kwamba idara yenu imetengewa siku nne za kuwafundisha watafiti wake kuchambua data kwa kompyuta, na kwamba wenzako wanavutana kati ya kuanza moja kwa moja na R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, na kuanza na lahajedwali, yaani majedwali ya kompyuta kama ya Excel. Nimeshiriki warsha za namna hii hapa Tanzania, kwanza kama msaidizi na baadaye kama mkufunzi, na ushauri wangu ni kwamba siku ya kwanza yote iwe ya lahajedwali, hata kama wapo watakaolalamika kwamba Excel wanaijua.

Wanaijua kwa namna ya kuandaa jedwali la kusomwa kwa macho. Karani wa dodoso hupaka rangi ya njano kaya zilizohama, huunganisha seli ili kichwa cha habari kipendeze, na huandika -99 pale jibu linapokosekana. R haitazingatia rangi ile, na -99 itaihesabu kama namba nyingine yoyote, hivyo wastani wa umri au wa ukubwa wa shamba utaharibika bila onyo lolote kutokea. Mtafiti asiyelielewa hili atajifunza amri za R kwa siku tatu, kisha atarudi ofisini na kukwama kwenye faili lake mwenyewe.

Hamna haja ya kutunga masomo upya. The Carpentries, jumuiya inayowafundisha watafiti stadi za kompyuta na data, iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha Data Carpentry na Software Carpentry, ambayo Greg Wilson na Brent Gorda waliianzisha mwaka 1998, hutoa masomo yake bure kwa leseni ya Creative Commons, nanyi mnaruhusiwa kuyatafsiri na kuyarekebisha mradi mtaje chanzo. Kwa watu wa sayansi ya jamii chagueni somo linalotumia data ya SAFI, yaani mahojiano ya kaya za wakulima wa umwagiliaji nchini Tanzania na Msumbiji, yaliyofanyika kati ya Novemba 2016 na Juni 2017. Lipo faili lililovurugwa makusudi, lenye kurasa mbili, moja ya kila nchi, na kila ukurasa umepangwa kwa mtindo wake. Wapeni washiriki faili hilo, wakae wawili wawili, na waulizwe wangeunganishaje kurasa hizo. Mjadala utakaozuka unafaa kupewa muda mrefu kuliko mnavyodhani, kwa sababu ndipo mtu hukubali mwenyewe kwamba kila safu wima ibebe jambo moja na kila mstari ubebe kaya moja.

Siku ya pili mtumie programu ya OpenRefine kusafisha data, kisha R. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya faili, ingepaswa kufundishwa, lakini kwa siku nne ningeiacha.

Mkufunzi asitumie slaidi. Aandike amri moja moja kwenye projekta huku washiriki wakiandika pamoja naye, na maelezo yawe kwa Kiswahili hata kama amri zenyewe ni za Kiingereza. Kila mshiriki apewe karatasi mbili za kunata za rangi tofauti: moja ya kubandika kwenye kompyuta akimaliza zoezi, nyingine akikwama. Utaratibu huu una thamani ya pekee kwetu, kwa kuwa mhadhiri mwandamizi hawezi kwa urahisi kunyoosha mkono mbele ya wanafunzi wake, ilhali karatasi humwita msaidizi kimyakimya. Wasaidizi wawe wengi, na wakatazwe kabisa kushika kipanya cha mshiriki.

Programu zote zisakinishwe siku moja kabla, kutoka kwenye flashi, maana intaneti ya ukumbi haihimili watu wote kupakua kwa pamoja. Mchana wa siku ya nne kila mtu afanyie kazi data yake, na mtangulie kuwaagiza waondoe majina na namba za simu za wahojiwa kabla ya kuja nayo.