Paka wangu wa sukari kawa mkali ghafla, nimuongezee insulini au nipunguze?

SWALI: Daktari habari za kazi. Nipo Ipagala hapa Dodoma, nina paka dume anaitwa Tajiri, miaka 9, alishahasiwa, kilo 6 na kidogo. Tuligundua ana sukari miezi kadhaa iliyopita, tunamchoma insulini ya binadamu ile ya rangi ya maziwa, uniti 2 saa moja asubuhi na uniti 2 saa moja jioni. Alikuwa mpole sana yaani paka wa kulala na watoto. Sasa wiki kama tatu hivi anakaa vizuri tu alafu ghafla anavimba manyoya, ananguruma, anamrukia mtu, baadae anakuwa kawaida kama hakuna kilichotokea. Jana kamng'ata mwanangu mkononi. Jirani anasema ni kichaa tumuue, mume wangu anasema sukari imepanda tumuongezee dawa. Sikuizi nampa nyama na samaki tu, ugali nimemkatisha kabisa maana niliambiwa ndio unampandishia sukari. Naomba msaada. Mama Neema.

JIBU: Mama Neema pole sana, na pole kwa mtoto. Tajiri anaweza kusubiri kidogo, tuanze na huyo mtoto. Kama kidonda hakijaoshwa vizuri kioshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, sio kumwagia tu kidogo na kufuta, alafu leo leo aende hospitali hata kama mnaona ni vitobo viwili tu. Meno ya paka ni membamba na yanaingia ndani, ngozi juu inajifunga haraka na wadudu wanabaki chini, kesho kutwa mkono umevimba. Msipake majivu wala mafuta ya taa. Na daktari wa watu ndiye wa kuamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, mwambieni ukweli kama paka amechanjwa au hajachanjwa na kama huwa anatoka nje kuzurura, msisubiri kuona paka atakuwaje ndio mpeleke mtoto.

Kuhusu jirani. Hajakosea kuwaza kichaa, nchi yetu huo ugonjwa upo na paka anaupata, kwahiyo mnyama yeyote aliyebadilika tabia ghafla akang'ata mtu lazima tuuwaze. Ila paka mwenye kichaa hana mambo ya kuwa mkali nusu saa alafu anarudi kulala kwenye kochi, akishaanza kuonyesha dalili anaendelea kuharibika kila siku, anashindwa kumeza, anadondosha mate, anapooza, na ndani ya siku 10 hivi anakuwa ameshakufa. Wa kwako yupo wiki ya tatu na katikati yupo mzima anakula. Hiyo inanipa moyo lakini haifuti safari ya mtoto hospitali. Na msimuue! Mfungieni chumba kimoja chenye maji, chakula na mchanga wake, aangaliwe siku 10 kuanzia siku aliyong'ata, akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha maana yake siku ile mate yake hayakuwa na kirusi. Mkimuua leo mmejinyima hilo jibu. Mtaarifuni pia afisa mifugo wa kata.

Sasa Baba Neema naomba kwa heshima zote asiguse hiyo insulini. Kuongeza dawa hapa ndio kitu cha hatari kuliko vyote mlivyovitaja, kwasababu mimi nikisoma maelezo yako naona sukari INASHUKA, haipandi.

Kitu ambacho hujaniandikia na ndicho ninachokitaka kuliko vyote ni hiki, anakuwa mkali saa ngapi? Hiyo insulini ya rangi ya maziwa kwenye mwili wa paka inafanya kazi haraka na inaisha haraka kuliko kwa binadamu, nguvu yake kubwa inakuja popote kati ya masaa mawili na manane baada ya kuchoma. Ukimchoma saa moja asubuhi, muda wa kumuogopa ni kuanzia saa tatu mpaka saa tisa alasiri, na wa jioni hivyohivyo unaangukia usiku mmelala. Ukikaa ukakumbuka ukaona fujo zote zinatokea saa nne saa tano asubuhi na hakuna hata siku moja aliyomrukia mtu saa kumi na mbili asubuhi kabla ya sindano, basi nusu ya kazi umeshaimaliza.

Ubongo unaishi kwa sukari ya kwenye damu na hauna stoo ya maana. Ikishuka, mwili unamwaga adrenalini ili ini litoe sukari ya akiba, na hiyo adrenalini ndio inayovimbisha manyoya, inatanua mboni za macho, inamfanya awe na hofu, na wakati huohuo ubongo wenye njaa haumtambui vizuri mtu aliye mbele yake. Yule aliyemng'ata mwanao kwa wakati ule hakuwa anamjua. Baadae ini likifanikiwa kuinua sukari anarudi Tajiri wenu wa siku zote, ndio maana mnaona kama kiini macho. Siku ini likishindwa hatamrukia mtu, ataanguka degedege.

Kwanini ianze sasa wakati dozi ni ileile? Jibu umeliandika mwenyewe mwishoni kama vile sio muhimu. Ugali. Wakati anakula ugali na dagaa alikuwa anapata wanga mwingi, sukari ilikuwa juu, na uniti 2 zilikuwa na kitu cha kushusha. Ukamhamishia nyama na samaki, na ulifanya vizuri kabisa maana paka ni mla nyama na wengi wa sukari wakiachishwa wanga mahitaji yao ya insulini yanashuka sana, wapo hata wanaofika mahali hawahitaji sindano tena kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa mbwa ni nadra. Ila chakula kikibadilika dozi lazima ibadilike nayo, tena kwa kupima. Wewe umeshusha mzigo wote kwenye lori alafu bado unakanyaga mafuta kama uko na tani kumi unapanda mlima Kitonga. Usirudishe ugali ili ulingane na dozi, dozi ndio ishuke ilingane na nyama.

Kuna kitu kingine nakutilia mashaka, bomba la sindano. Lichukue uliangalie kwenye mwanga. Insulini ya binadamu inayouzwa kwenye maduka yetu ya dawa ni ya uniti 100 kwa mililita, na bomba lake lazima liandikwe U-100, mara nyingi kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Ukiwa umepewa la U-40, yaani la insulini ya uniti 40 kwa mililita, lile la kifuniko chekundu, ukivuta mpaka kwenye 2 umevuta uniti 5 kamili. Na hata ukiwa na U-100 sahihi, lile la mililita 1 nzima mara nyingi kila kamstari kadogo ni uniti 2 sio 1, kwahiyo mtu anayehesabu "mstari wa kwanza, mstari wa pili" akaona ni uniti 2, kampiga paka uniti 4. Kwa binadamu wa kilo 70 tofauti hiyo wala huisikii, kwa paka wa kilo 6 ni msiba. Tafuta la mililita 0.3 au 0.5, mistari yake inasomeka. Alafu hiyo dawa inatulia chini ya chupa, izungushe taratibu katikati ya viganja mpaka ichanganyike yote, usiitikise kwa nguvu, maana isipochanganywa leo unamchoma maji kesho unamchoma dawa kali. Ikae kwenye friji lakini isigande, iliyoganda tupa.

Akianza tena msimshike kwa mikono mitupu na watoto watoke chumbani. Kama anaweza kula muwekee chakula palepale, ukiona anakifakamia kama hajala wiki hiyo nayo ni dalili. Kama hataki kula, au anayumba kama mlevi, anagonga ukuta, macho yamekodoa hayakuoni, mfunge na taulo nene abaki kichwa tu na umpake asali au glukosi iliyokorogwa nzito kwenye fizi kwa nje, chini ya mdomo wa juu. Asali huku kwetu sio shida, ya Singida au Kondoa ipo sokoni kila siku, weka kachupa karibu na friji. Tumia pamba au bomba lisilo na sindano, usiingize kidole katikati ya meno, na akiwa kwenye degedege usimmiminie kitu chochote mdomoni kitaingia kwenye mapafu, mpake kidogo tu kwenye fizi na safari ya kwa daktari ianze. Akizinduka ale nyama yake, na hata akionekana mzima aonwe siku hiyohiyo maana insulini inaweza kuwa bado inaendelea kufanya kazi na akashuka tena.

Kipima sukari cha binadamu kinafaa, unatoboa kidogo pembeni ya sikio lake, sikio likiwa limepashwa joto kwa kitambaa cha uvuguvugu damu inakuja vizuri. Hizi mashine za watu huwa zinasoma chini kidogo kwa paka, lakini ikija chini ya 3.5 (mmol/L) wewe ichukulie ni dharura, usibishane nayo. Ila angalia sana hapa, ukipima saa nzima baada ya fujo ukakuta 16 usiseme "unaona, ilikuwa juu", kwasababu paka akiogopa au akikasirika sukari yake inaruka, na akishatoka kwenye kushuka inaweza kupanda kupita kiasi. Kipimo cha maana ni cha wakati wenyewe, au cha kila masaa mawili kuanzia sindano ya asubuhi mpaka jioni.

Leo jioni usimchome kabla hujapima na kabla hajala. Ikiwa chini ya 10 ruka hiyo sindano. Ikiwa juu mpigie daktari anayemtibu akupe dozi mpya kabla hujavuta dawa, kwa historia hii wengi wetu tungeanza tena na uniti 1. Kuruka sindano moja hakumuui paka mwenye sukari, sindano moja iliyozidi inamuua. Lakini usimwachishe siku nyingi bila usimamizi, akianza kutapika, kugoma kula na kulegea hiyo ni dharura ya upande wa pili, wa sukari kupanda.

Ikitokea masaa hayaendani kabisa na sindano, tutatafuta kwingine. Maumivu ndio ya kwanza, paka wa sukari hupata maambukizi ya mkojo kirahisi, meno nayo kwa umri huo, na akiwa anatembea ameshusha visigino vya nyuma chini kabisa ni mishipa ya fahamu imeathirika na hataki kuguswa huko. Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi inamfanya mkorofi na inavuruga sukari. Na kama kuna mtu amemuogesha dawa ya kupe ya mbwa au ya ng'ombe niambieni mapema, zile nyingine zinamvuruga paka vibaya sana.

Andika kwenye daftari saa ya sindano, alichokula, na saa ya fujo, hata ikiwa ni kunguruma tu bila kuruka. Ukienda kwa daktari beba hilo daftari, chupa ya insulini yenyewe na bomba ulilokuwa unatumia, usiende na jipya.