Sato Wanapokufa, Usikimbilie Dawa ya Jirani

Katika msimu wangu wa pili wa kufuga sato kwa vizimba hapa Mwanza, asubuhi moja niliwakuta samaki wakubwa, waliobakiza wiki chache kuvunwa, wakizungukazunguka juu ya maji kama waliolewa. Macho yamewatoka, wengine miili imejikunja. Nikampigia jirani mwenye vizimba upande wa pili wa ghuba. "Huo ndio ugonjwa ulionisumbua mwaka jana," akaniambia, akanitajia na dawa iliyomsaidia. Nikainunua siku hiyo hiyo, nikaichanganya kwenye chakula, nikalisha siku saba. Kila asubuhi niliendelea kuopoa mizoga.

Jirani hakunidanganya. Dalili zilifanana kabisa, na baadaye maabara ilithibitisha kwamba ni Streptococcus agalactiae, bakteria wanaojulikana sana kwa kuua sato wa kufugwa, hasa maji yakipata joto. Ila bakteria wangu walikuwa sugu kwa dawa ile. Na kuna jambo jingine lililoniuma nilipoelezwa: samaki mgonjwa huacha kula. Dawa yote niliyochanganya na chakula ililiwa na wazima.

Tunazungumza juu ya bakteria hawa kana kwamba ni kitu kimoja, wakati wamegawanyika kwa ukoo, kama watu. Wataalamu huwatofautisha kwanza kwa ganda lao la nje; kwa sato wanaokutwa mara nyingi ni wa aina ya Ia, Ib na III. Kisha husoma vinasaba vyao na kuupa kila ukoo namba. Ukoo wa ST261, wenye ganda la Ib, umezoea kuishi ndani ya samaki hadi umepoteza sehemu ya vinasaba ambavyo ndugu zake bado wanavyo. Ukoo wa ST283, wenye ganda la III, ndio ulioleta mlipuko Singapore mwaka 2015, watu zaidi ya 100 wakaugua, na chanzo kikahusishwa na kula samaki wabichi wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Sato aliyeiva vizuri hana tatizo hilo. Lakini ukiwa na kidonda mkononi, tafadhali usipasue samaki mgonjwa bila glavu.

Mfugaji hahitaji kukariri namba hizo. Zinamgusa pale anapotoa pesa. Chanjo hufundisha mwili wa samaki kulitambua ganda fulani, kwa hiyo chanjo ya Ib huwezi kuitegemea ikukinge na Ia. Kwa antibayotiki mambo ni magumu zaidi, maana bakteria hupeana vipande vya vinasaba vyenye usugu, hata wasio wa ukoo mmoja. Aeromonas, wanaoishi majini siku zote, ni hodari sana kwa hilo. Kila unapolisha nusu dozi, au kukatisha siku ya tatu kwa kuwa vifo vimepungua, unawaua wanyonge na kuwaachia ziwa wale sugu. Na maji ya ziwa hayana uzio.

Wenzetu wa Ziwa Volta, Ghana, yaliwakuta mazito. Kwanza ST261 ilithibitishwa kwenye sato wa vizimba vyao. Kisha, mwaka 2018, vikaja vifo vikubwa vilivyosababishwa na virusi viitwavyo ISKNV. Antibayotiki haiui virusi, uilishe ndoo ngapi. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wenzangu: pima kwanza.

Na kupima kuna namna yake. Mara ya kwanza nilipeleka samaki niliowaokota wakielea, na majibu yakaja ya Aeromonas. Mzoga unaoelea tangu usiku huwa umeshavamiwa na bakteria wa majini na wa kuozesha, hao ndio huota maabara, na muuaji mwenyewe hafahamiki. Safari ya pili nilichukua samaki watano walio hai lakini wenye dalili, nikawatia kwenye mfuko wa maji uliojazwa oksijeni, ule wa kusafirishia vifaranga, wakafika kabla ya mchana. Sampuli zikachukuliwa kwenye ubongo na figo. Ukishindwa kuwafikisha hai, waweke juu ya barafu, usiwagandishe. Uliza kipimo cha dawa gani inawaua bakteria hao, usiridhike na jina la ugonjwa tu. Hujui pa kupeleka? Anza na ofisa uvuvi wa wilaya au daktari wa mifugo, na umweleze dawa zote ulizokwishatumia, hata kama unaona aibu.

Majibu huchukua siku kadhaa, nami najua siku hizo zinavyouma. Usikae bure. Punguza chakula, hasa joto likipanda. Opoa mizoga asubuhi na jioni, uifukie mbali na ufuko, kamwe usiirudishe ziwani. Nyavu na ndoo za kizimba chenye wagonjwa zisivuke kwenda kingine. Usihamishe samaki, na usimuuzie mtu vifaranga kutoka eneo lenye vifo, kwani ukoo mpya wa bakteria hufika kwenye ghuba kwa njia hiyo hiyo. Mimi sasa kila kizimba kina daftari lake: joto la maji, idadi ya waliokufa, vifaranga vilikotoka, dawa na tarehe. Jirani yangu naye ameanza la kwake, na jioni tunapigiana simu kusomeana.