Fundi Anajibu: Tone Liko Chini, Chanzo Kiko Juu

Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia gari lake, lina miaka 22 sasa. Halijawahi kunilaza njiani na sitaki kuliuza. Tatizo ni oili. Kila asubuhi nakuta doa sakafuni, upana wa kiganja, pale injini inapoungana na giaboksi. Naongeza nusu lita kila baada ya wiki tatu hivi, na nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya kitu kinaungua. Fundi wa kwanza kasema ni sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea), lazima giaboksi ishushwe. Wa pili kanishauri nimimine dawa ya kopo ya kuzuia kuvuja. Nimsikilize yupi?
*Mrithi wa gari la mzee*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Kwanza injini ioshwe.

Nakuambia hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa tatu wa ufundi, likaingia gari lenye doa kama hilo lako, mahali palepale. Sikuuliza wala sikuosha. Nikashusha giaboksi, nikafungua klachi na flaiwili, nikatia sili mpya, nikarudisha kila kitu. Siku mbili za kulala mgongoni. Wiki haikuisha mwenye gari akarudi, doa liko vilevile. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alichukua kitambaa cheupe, akapenyeza mkono nyuma kabisa ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, upande unaotazamana na kabini, ambako jicho halifiki. Kitambaa kikatoka cheusi, kinang'aa. Ilikuwa gasketi (kizibo chembamba cha raba) ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, pembe ya nyuma. Oili ilikuwa inateremka taratibu mgongoni mwa injini, inafika pale kwenye maungio ya giaboksi, inadondoka. Ile sili niliyoitoa ilikuwa nzima, mdomo wake bado laini. Mteja yule alilipia kazi ya siku mbili isiyomhusu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Oili ikitoka hushuka, na gari likitembea upepo wa chini huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone unaloliona sakafuni limeshasafiri. Wewe tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Chanzo kiko hapo au jirani na hapo.

Katika barua yako, kilichonishtua zaidi ni ile harufu. Kwenye injini nyingi tapeti kava imekaa juu ya mabomba ya ekzosi yanapotokea kwenye hedi. Oili ikichuruzika hapo huungua, na ukisimama kwenye foleni upepo haupo wa kuipeperusha, moshi wake unaingia ndani. Oili ya sili ya nyuma hutokea chini, ndani ya kengele ya giaboksi, yaani ganda lake la mbele linaloungana na injini, na si rahisi ifike kwenye joto kali namna hiyo. Siapi bila kuliona gari, lakini mimi ningeanzia juu. Na usiizoee harufu hiyo. Oili juu ya ekzosi iliyopata moto inaweza kuwasha gari.

Fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, funika altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuingizia hewa kwa mifuko ya plastiki. Pakaa sabuni ya kuoshea injini, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida yasiyo na presha kali. Iache ikauke kabisa. Kisha nyunyiza unga wa talki, ule laini wa kupaka mwilini, kwenye sehemu unazozishuku: ukingo wa tapeti kava, mzunguko wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), nyuma ya puli ya kranki, panapofungwa filta. Puli zenyewe usizitie unga, wala mikanda. Endesha dakika 20, zima, subiri kidogo, halafu ingia na tochi na kioo kidogo cha mkono. Kwenye unga mweupe oili inachora mstari, nawe unaufuata kwenda juu mpaka unapoanzia. Kama hauonekani, endesha siku moja zaidi uangalie tena. Mvujo mdogo sana unaojificha hutafutwa kwa rangi maalumu inayochanganywa na oili, kisha injini inamulikwa kwa taa ya urujuanimno. Penye tundu panang'aa wazi.

Ukiingia chini ya gari, liwe limesimama juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiweke mwili wako chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia.

Ikiwa ni gasketi ya tapeti kava, kazi yake ni nyepesi ila inataka utulivu. Raba ya kawaida ya gasketi na sili ikipikwa na joto la injini mwaka baada ya mwaka hukauka. Utakapoitoa ya zamani ikunje kwa vidole. Ya gari la umri huo huvunjika kama kijiti kikavu, na mpya hujikunja na kurudi. Ondoa mabaki yote kwa kipande cha plastiki. Bisibisi itachuna aluminiamu, na huo mchubuko ndio utakaovuja kesho. Kama injini yako ina plagi zilizozama katikati ya kava, badilisha pia sili za mashimo hayo, kwani oili ikijaa humo gari linaanza kukosa moto.

Bolti zifungwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, kidogo kidogo. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa tapeti kava nyingi ni karibu Nyutoni-mita 10, nguvu ndogo sana kwa mkono wa fundi. Anayekaza mpaka bolti ilie anaipinda kava na kuikamua gasketi itoke nje ya mfereji wake. Gundi ya silikoni weka pale tu kitabu kinapotaka, mara nyingi kwenye pembe ambako vipande viwili vya chuma vinakutana, tone dogo kama punje ya mchele. Ukiimwaga mzunguko mzima, ziada inaingia ndani, inakatika, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo utakuwa umetibu doa na kuua injini.

Na kama baada ya kuosha juu kote ni pakavu, na oili inatoka ndani ya kengele ya giaboksi, basi yule fundi wa kwanza alikuwa na haki. Hata hivyo, mwambie ainuse kwanza. Oili ya gia za kawaida ina harufu kali ya kiberiti, na ikiwa ni hiyo, sili inayohusika ni ya shafti ya giaboksi. Giaboksi ikishashuka kwa sababu yoyote, angalieni klachi palepale, maana hamtataka kurudia kazi ile.

Dawa ya kopo hulainisha raba na kuivimbisha kidogo. Kwa sili iliyokauka inaweza kupunguza matone kwa muda. Gasketi iliyokatika au bolti iliyolegea haiponi kwa dawa. Tena dawa hiyo haichagui, inagusa kila raba iliyomo ndani, hata zile nzima. Mimi siitii kwenye gari ninalotaka liishi.

Fundi, mwaka huu nimebadilisha gasketi ya tapeti kava mara mbili na sili ya mbele ya kranki mara moja. Zote halisi, zote zimerudi kuvuja. Juzi nimekuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) imejisukuma nje yenyewe. Nimechoka.
*Aliyechoka na madoa*

Pole sana, ndugu yangu. Hiyo dipstiki imekupa jibu: injini yako inakosa pa kupumulia.

Kila mlipuko ndani ya silinda hupenyeza moshi kidogo kupita ringi za pistoni na kuingia chini kwenye oili. Moshi huo una njia yake ya kutokea, ni bomba la mpira na valvu ndogo inayourudisha kwenye njia ya hewa ili ukaungue. Njia hiyo ikijaa masizi na oili iliyoganda, presha inajengeka ndani na kutafuta pa kutokea, na penye udhaifu ni kwenye sili na gasketi. Unaweza kutia sili mpya kila mwezi, itasukumwa tu.

Washa injini, iache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta (sailensa), fungua kifuniko cha kujazia oili na weka mfuko mwepesi wa plastiki juu ya tundu, huku umeushika kwa pembe usije ukamezwa. Kwenye injini nzima ya petroli mfuko hunyonywa kidogo au hutulia. Ukivimba kama puto, presha ipo. Chomoa ile valvu uitikise sikioni. Aina nyingi zina kidude ndani kinachogonga, na ikikaa kimya imeganda. Ibadilishe, na mpira wake uukague kwa urefu wote, kwa sababu huziba hata kwenye mikunjo usikoona.

Ukishafanya hayo na mfuko bado unavimba, pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda). Ringi zilizoisha hupitisha moshi mwingi kuliko njia yoyote inavyoweza kuutoa, na hapo tutazungumza habari ya kufungua injini. Ila usianzie huko. Magari mengi yaliyoletwa kwangu na malalamiko kama yako yalipona kwa valvu hiyo na mpira wake.

Nimefanya sevisi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kuwasha tu, oili ikamwagika kama bomba limepasuka. Nimeharibu nini?
*Mwanafunzi*

Kama ulizima haraka, hakuna ulichoharibu. Fungua filta utazame inapokalia. Nina hakika ya karibu kabisa utakuta mpira wa filta ya zamani umebaki umegandia pale, ukafunga mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Utoe, pafute, pakaa oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko au kama kasha lake linavyosema. Nati ya kumwagia oili nayo itie washa mpya (ile ringi bapa ya kuzuia kuvuja). Kisha jaza oili upya kwa kipimo kabla ya kuwasha.

Gari langu linadondosha matone mawili matatu kwa usiku. Lazima nitengeneze sasa, au naweza kungoja taa ya oili iwake?
*Mngoja mwisho wa mwezi*

Matone mawili matatu yanaweza kungoja mwisho wa mwezi, mradi hayaangukii ekzosi, mkanda wa taimingi wala altaneta. Raba za kushikia injini nazo huoza zikilowa oili kila siku. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa pamenyooka na injini imepoa, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, isome, na uandike. Kiasi kikianza kushuka haraka kuliko wiki iliyopita, usingoje tena.

Taa usiingoje kabisa. Ile taa nyekundu haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Inapowaka ukiwa unaendesha, huenda vyuma tayari vinasuguana bila oili. Ikiwaka, simama pembeni, zima hapohapo, na usiwashe tena mpaka umepima oili na kujua imekwenda wapi.